Kompyuta ya nyumbani imechoka: niiongezee vifaa au ninunue nyingine?

SWALI: Kaka, habari za kazi. Mimi ni mwalimu wa sekondari, naishi Morogoro. Nyumbani tuna kompyuta ya mezani, Dell OptiPlex 7010, tuliyoinunua Kariakoo mwaka 2018 ikiwa imeshatumika. Ina prosesa ya i5-3470, RAM ya GB 4 na hadi diski (hard disk) ya GB 500. Natungia mitihani na kuingizia alama za wanafunzi, watoto wanaangalizia masomo YouTube, na mume wangu anatunzia hesabu za duka lake. Siku hizi ukiiwasha unaweza kubandika chai ikachemka ndipo Word ifunguke, na tena imeanza kuleta ujumbe kwamba Windows 10 imefikia mwisho. Fundi wa hapa mtaani ameniandikia shilingi 350,000: SSD ya GB 256 kwa 90,000, RAM ya kuongeza iwe GB 8 kwa 50,000, prosesa ya i7 kwa 110,000 na kadi ya picha kwa 100,000. Duka moja nalo linaniuzia mashine ya i5-7500 yenye SSD kwa 650,000, wanasema tayari ina Windows 11. Nitengeneze au ninunue?

JIBU: Mwalimu, usichukue ofa yoyote kati ya hizo mbili kama ilivyo. Kwenye karatasi ya fundi chukua SSD (diski isiyo na kitu kinachozunguka) na RAM (kumbukumbu ya muda ya kompyuta), jumla 140,000, ufute i7 na kadi ya picha. Ile mashine ya dukani iache kabisa. Sababu yake nitaieleza kwa kirefu, maana watu wengi wanapoteza fedha hapo. Kisha anza kuweka akiba ya mashine yenye prosesa ya Intel ya kizazi cha nane au zaidi, bila papara, kwa kuwa hiyo uliyonayo itakuwa imekupa muda wa kuchagua vizuri.

Lakini kabla hujatoa hata shilingi, thibitisha ugonjwa kwa macho yako. Washa kompyuta, iache itulie, halafu bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja. Litafunguka dirisha la Task Manager. Nenda kwenye Performance. Fungua Word, fungua na Chrome yenye kurasa tatu nne kama mlivyozoea, huku ukitazama CPU, Memory na Disk. Ninachotarajia utakiona ni hiki: Disk imeng'ang'ania asilimia 100 kwa dakika nzima na zaidi, Memory imepita 85, na CPU, yaani ile prosesa ambayo fundi anataka kuibadilisha, iko kwenye 15 au 20 na haina kazi kubwa ya kufanya. Ukiona hivyo, basi umejua kwamba prosesa yako inasubiri tu iletewe data. Ukiona kinyume chake, CPU iko 100 hata hujafungua kitu, nenda kwenye Processes uangalie ni programu gani inayoila. Mara nyingi ni virusi, au programu mbili za kuzuia virusi zilizowekwa pamoja zinagombana, na hapo kununua kifaa chochote hakutasaidia.

Kwa nini diski inakwama kiasi hicho? Hadi diski ya kawaida ya mezani huzunguka mara 7,200 kwa dakika. Mzunguko mmoja unachukua takriban milisekunde 8, kwa hiyo kwa wastani kichwa cha kusomea kinasubiri nusu ya mzunguko kabla data haijapita chini yake, na kabla ya hapo chenyewe kinahitaji milisekunde nane au tisa kuhama kutoka mstari mmoja kwenda mwingine. Jumlisha, utaona kwamba diski hiyo inaweza kwenda mahali tofauti kama mara themanini tu kwa sekunde. Windows inapowaka inahitaji maelfu ya vipande vidogo vilivyotawanyika diski nzima, na wakati huohuo kizuia virusi nacho kinataka kuvikagua. Ni sawa na wewe kusahihisha madaftari ya kidato kizima ambayo kila moja limeachwa darasa tofauti: muda wote unaishia kwenye kutembea. SSD haina kitu kinachozunguka, na kipande chochote inakifikia kwa sehemu ndogo ya milisekunde moja. Ndiyo maana matangazo ya "MB 550 kwa sekunde" hayaelezi habari yenyewe. Kwa kasi ya kusoma faili kubwa mfululizo, SSD ya aina yako inaizidi hadi diski mara nne au tano tu. Faida unayoihisi kila siku inatoka kwenye zile safari ndogondogo, na hapo tofauti ni mara mia na zaidi.

RAM ndogo inaongeza maumivu palepale. Windows 10 yenyewe inakula karibu nusu ya GB 4, Chrome inamaliza zilizobaki, na nafasi ikiisha Windows huanza kuhamishia sehemu ya kumbukumbu kwenye diski, diski ileile iliyokwisha kuelemewa. Kwa hiyo hivyo viwili vinunuliwe pamoja. Kama mwezi huu mfuko unaruhusu kimoja tu, anza na SSD.

Sasa i7. Sisemi fundi wako ana nia mbaya. I7-3770 inaingia kabisa kwenye mazabodi (bodi kuu) ya 7010 na ni prosesa nzuri. Ina viini vinne kama i5 yako, isipokuwa kila kiini kinaweza kushika kazi mbili kwa wakati mmoja. Mtu anayehariri video angeuona utofauti huo. Wewe unayeandika maswali na kujumlisha alama hutauona. Jambo la kusikitisha zaidi ni kwamba hizo 110,000 hazikusogezi hata hatua moja kuelekea Windows 11, kwa sababu i7-3770 nayo ni ya kizazi cha tatu.

Kadi ya picha ni hivyohivyo. Prosesa yako ina sehemu yake ya picha, Intel HD 2500, inayotosha kabisa kwa kioo cha kawaida cha nyumbani. Ni kweli kwamba YouTube siku hizi hupeleka video nyingi kwa mfumo wa VP9 au AV1, ambayo sehemu hiyo ya picha haikuundiwa kuifungua, kwa hiyo kazi hubebwa na viini vya prosesa. Viini vinne vya i5-3470 vinaibeba. Waambie watoto waweke ubora wa 720p. Maandishi ya mwalimu ubaoni yatasomeka na bando la intaneti litapona. Kadi za bei nafuu zinazozunguka madukani, kama GT 730, nazo hazifungui VP9, hivyo ungelipa laki moja na kubaki palepale. Na kama kasha lako ni lile jembamba la SFF, pawa saplai yake ni ya wati 240 na kadi ya urefu wa kawaida haiingii.

Hapa niseme hesabu ninayoitumia mimi mtu akiniuliza swali kama lako, kwa sababu wengi wanalinganisha 350,000 na 650,000 kana kwamba ni fedha za aina moja. Chukua kila kifaa kwenye orodha ujiulize: siku nikiiacha mashine hii, hiki nitakihamisha au kitabaki nayo? SSD ya SATA ya inchi 2.5 utaitoa na kuiingiza kwenye mashine yoyote ya mezani utakayonunua baadaye, au uiweke kwenye kasha la USB itunze nakala za faili zako. Kioo, kibodi na UPS pia vinahama. RAM ya DDR3 haihami, kwa sababu mashine za kizazi cha nane zinatumia DDR4 na hata mkato wa chini wa kadi hizo ni tofauti. Prosesa haihami. Kwa hiyo kwenye mpango wangu kinachobaki na 7010 ni 50,000 ya RAM pamoja na ufundi. Kwenye mpango wa fundi kinachobaki nayo ni 260,000, kwa kuwa kadi ya picha, hata ukihama nayo, hutakuwa na kazi nayo. Kiasi hicho ukikiweka kando leo umeshafika mbali kwenye bei ya mashine nyingine.

Ukienda kununua, kuna mitego. SSD iwe ya SATA ya inchi 2.5, mazabodi yako haina nafasi ya zile nyembamba za M.2, hata kama muuzaji atakuambia zina kasi zaidi. Nunua jina linalojulikana, kama Samsung, Kingston au WD, na uziogope SSD za TB 1 au 2 zinazouzwa kwa bei ya GB 256. Nyingi zinaonyesha ukubwa usiokuwepo na faili zinapotea ukishajaza. Mwombe muuzaji aichomeke na kufungua programu ya bure ya CrystalDiskInfo. Kwenye Power On Hours, SSD mpya huonyesha sifuri au saa chache. Ikionyesha saa elfu nane, imeshatumika, hata kama boksi linang'aa.

Kwa RAM, sema wazi "DDR3 ya mezani", maana ya laptop ni fupi na haiingii. Kuna DDR3 za bei ya chini zilizotengenezwa kwa mashine za AMD pekee. Kwenye Dell yako zinaweza kukataa kuwaka, kwa hiyo usilipe kabla haijawaka na kuonyesha GB 8. Tahadhari moja zaidi ukitafuta vifaa mtandaoni: mwaka 2023 Dell walilirudia jina OptiPlex 7010 kwa mashine mpya kabisa. Muuzaji akikuuliza, mtajie i5-3470 ili asikuletee memori ya mashine hiyo mpya.

Fundi akiifungua, mwombe mambo matatu madogo ambayo hayapo kwenye karatasi yake: apulize vumbi kwa blowa, abadilishe gundi ya joto kati ya prosesa na feni, na aweke betri mpya ya CR2032 kwenye mazabodi kama saa ya kompyuta huwa inarudi nyuma. Betri hiyo ikifa, tarehe inakuwa ya uongo na tovuti zinaanza kukataa kufunguka, watu wakidhani intaneti ndiyo mbovu. Atazame pia vile vikopo vidogo vya kapasita. Kama vimevimba vichwani au vinavuja, simamisha kila kitu; mashine hiyo usiitilie hata shilingi, nunua nyingine.

Tuje kwenye Windows 10, kwa sababu SSD haitaondoa ujumbe ule. Microsoft walisimamisha masasisho ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Kompyuta haizimiki, ila mianya mipya ya usalama inayogunduliwa haizibwi tena. Windows 11 inataka TPM 2.0 (chipu ya usalama) na prosesa ya Intel ya kizazi cha nane au zaidi. 7010 ina TPM 1.2 na prosesa ya kizazi cha tatu, kwa hiyo kwa njia halali haitaingia. Una njia mbili za kweli.

Ya kwanza ni kujisajili kwenye masasisho ya ziada ya usalama ambayo Microsoft wametoa kwa watumiaji wa nyumbani hadi tarehe 13 Oktoba 2026. Unahitaji Windows 10 toleo la 22H2, halali, na akaunti ya Microsoft. Ukikubali mipangilio ya kompyuta ihifadhiwe kwenye akaunti hiyo hulipi. Ukikataa, ni dola 30. Kiungo cha kujisajili kiko ndani ya Settings, kwenye Windows Update.

Ya pili ni kuweka Linux Mint, mfumo mwingine wa kuendeshea kompyuta badala ya Windows, ambao ni bure, na toleo lake la 22 limeahidiwa masasisho hadi mwaka 2029. Ukiwa na SSD na GB 8, 7010 inakimbia vizuri sana nayo. Unaweza kuijaribu kutoka kwenye flashi bila kugusa chochote kilichomo. Kwa watoto na YouTube na hesabu za shemeji, sioni tatizo. Kwako wewe nina wasiwasi na jambo moja: mitihani. LibreOffice, programu ya ofisi inayotumika humo badala ya Word, inafungua faili za Word, lakini karatasi yenye milinganyo, jedwali na michoro mara nyingine hupangika upya, swali la nne likahamia ukurasa mwingine. Chukua mitihani yako mitatu iliyo migumu kuliko yote uifungue humo kabla hujaamua. Na faili ya kupeleka steshenari kuchapwa iwe PDF siku zote, hata ukibaki na Windows.

Kuna njia ya tatu ambayo mafundi wengi watakupa: kuingiza Windows 11 kwa nguvu kwa programu kama Rufus, inayoruka ukaguzi wa TPM na prosesa. Inafanya kazi, nami sitakudanganya kwamba haifanyi. Ila Microsoft hawaahidi masasisho kwa mashine kama hiyo, na kila toleo jipya la mwaka itabidi fundi arudie ujanja uleule. Kwa mashine yenye alama za wanafunzi na fedha za duka, siishauri. Na kwa vyovyote vile, mambo ya benki yafanyieni kwenye simu inayopata masasisho, si kwenye mashine hii ikiwa Windows 10 yake haijasajiliwa.

Ile mashine ya dukani ndiyo imeingia kwenye mtego huo hasa. Tazama namba: i5-7500. Kwenye namba ya tarakimu nne kama hii, tarakimu ya kwanza baada ya kistari inakuambia kizazi, na i5-7500, ambayo ni ya kizazi cha saba, haimo kwenye orodha ya Microsoft. Kwa hiyo kama kweli ina Windows 11, imeingizwa kwa nguvu, na ungelipa 650,000 ili ubaki na tatizo uliloniandikia. Windows 11 iliyo kwenye kioo cha muuzaji haithibitishi chochote. Thibitisha mwenyewe: bonyeza alama ya Windows pamoja na R, andika msinfo32, usome jina la prosesa, rudia kwa kuandika tpm.msc, uone kama imeandikwa 2.0.

Shida ni kwamba mashine za kizazi cha saba na cha nane zinafanana sana kwa nje, na maofisi ya Ulaya yanaziuza kwa wingi hizo za zamani kwa sababu hiyohiyo ya Windows 11. Kwa Dell, epuka 3050, 5050 na 7050. Tafuta 3060, 5060 au 7060. Kwa HP, EliteDesk 800 G3 iache, chukua G4. Lenovo ThinkCentre M720 ni nzuri pia. Wewe unacho kioo tayari, kwa hiyo omba bei ya mashine peke yake. Tangu mwishoni mwa 2025 bei za memori zimepanda duniani, viwanda vikielekeza uzalishaji kwenye vituo vya data vya akili mnemba, hivyo nunua mashine iliyokwisha kuwa na GB 8 au 16 badala ya kuchukua ya GB 4 ukitegemea kuongeza baadaye. Iwashe ikiwa baridi, ingia kwenye BIOS (mipangilio ya mashine inayofunguka kabla ya Windows) uone kama haina neno la siri la ofisi ilikotoka, chomeka kitu kwenye kila tundu la USB, na upate risiti yenye dhamana iliyoandikwa kwa siku.

Kama umeme unakatika sana kwenu, fikiria laptop ya kizazi hichohicho badala ya mezani; betri yake inakuokoa katikati ya kuingiza alama. Usiichague kwa ajili ya LUKU peke yake, kwa sababu kwa matumizi ya saa tano kwa siku tofauti ni kama uniti tisa hivi kwa mwezi.

Ningekujibu tofauti kabisa kama ungeniambia mashine yako ni Core 2 Duo, ambayo Windows 11 za karibuni haziwezi hata kuwaka juu yake, au kama mmoja wa watoto angekuwa anaanza chuo cha usanifu na anahitaji AutoCAD. Hapo ningesema nunua, usitengeneze.

Ukishaamua, kitu cha kwanza kabisa ni nakala. Kabla fundi hajagusa bisibisi, hamisha mitihani, alama na hesabu za shemeji kwenye diski ya nje, ufungue faili kadhaa kwenye kompyuta nyingine kuhakikisha zimefika salama. Usikubali kuambiwa "nitakuhamishia mwenyewe" ukaiacha dukani. Hadi diski ya umri huo inaweza kufa siku yoyote, na CrystalDiskInfo ikiionyesha kwa rangi ya njano, ujue siku zenyewe ni chache. Ikitolewa, ondoka nayo. Iweke kabatini mwezi mmoja hadi uwe na hakika hakuna kilichosahaulika, halafu ifutwe yote kwa programu ya kufutia diski, au itobolewe kwa drili, kabla ya kumpa mtu au kuitupa. Ina majina na alama za watoto wa watu.